Chombo Kikiwa Nangani Salale

Mtoto wa shule akiulizwa baharia hufanya nini, atajibu kwamba husafiri. Mimi nilianza kula chumvi nikiwa kijana wa kuchota maji na kupika chomboni, leo ni nahodha mwenye mvi, na jibu langu ni jingine: baharia wa tanga huku kwetu siku zake nyingi amekaa. Kutoka mlango wa Simba Uranga hadi Kilindoni, upepo ukiwa mwema, unaondoka alfajiri na chakula cha mchana unakila Mafia. Lakini kabla ya hiyo nusu siku kuna wiki nzima, pengine mbili, za kulala nangani ndani ya mto ukingoja mzigo, kibali, maji na upepo, na vinne hivyo havina mazoea ya kufika pamoja. Kushika demani hata mtoto hufundishika. Kukaa watu saba ndani ya mashua moja, katikati ya matope na mbu, bila kupigana wala kuuguzana, hiyo ndiyo kazi inayomtambulisha baharia.

Kwa asiyepajua, Salale iko delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Ukitoka Dar es Salaam unashuka na barabara ya Kilwa, Bungu unaiacha lami, unafuata barabara ya Nyamisati, na Nyamisati barabara inakwisha. Mbele yako ni maji. Huko mto Rufiji, uliokusanya mvua za nyanda za juu kusini, unagawanyika mikono mingi na kumwagika baharini kwa milango kadhaa: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingine ya kusini. Katikati ya mikono hiyo kuna visiwa, na juu ya visiwa kuna vijiji, mashamba ya mpunga na minazi. Kwingine kote ni mikoko, hekta zipatazo 53,000, msitu mmoja wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Mgeni akiingia mara ya kwanza huona ukuta wa kijani pande zote, na kila pembe ni sawa na iliyopita. Baharia huona miti tofauti: hapa mlilana umesimama mbele kabisa ya maji, hapa mkoko na mizizi yake ya matao, nyuma yake msinzi, nyuma zaidi mkandaa, na mchu ukipenda pande zote. Chombo chetu chenyewe kimetoka humo. Mataruma ni mlilana na mkomafi, mlingoti ni msikundazi. Mbao za ubavuni tu ndizo zilizotoka bara.

Anayetawala siku zetu ni maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: bahari hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, ikapwa kabisa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo wiki moja baadaye, maji mafu yanapoingia, saa zimegeuka na saa 4 ndiyo ya kujaa. Ndani ya mito yanachelewa zaidi, na kila mkono una tabia yake. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inazidi mita 3. Maana yake ni kwamba pale ulipotia nanga alfajiri ukiona ziwa, saa 4 unaamka usingizini ukiona bonde la tope, mfereji mwembamba katikati, na kaa wanatembea mahali ulipotaka kupitisha mkuku.

Kwa sababu hiyo kutia nanga mtoni si kutupa chuma na kulala. Baharini chombo hugeukia upepo. Mtoni hugeukia mkondo, na mkondo hubadilika kila baada ya saa sita, mara maji yapande, mara yashuke. Tunaweka nanga mbili, moja kuelekea juu ya mto na moja kuelekea chini, tukikadiria urefu wa amari kwa maji ya kujaa, si kwa maji tunayoyaona. Nahodha mgeni aliyefunga kamba fupi wakati wa maji kupwa, usiku atazinduka chombo kimeinamia nanga yake mwenyewe kama mbuzi aliyejinyonga. Na zamu ya kwanza ya usiku naichukua mimi, kila siku, maana hapo ndipo maji yanapogeuka na chombo kuzunguka. Nikishakiona kimetulia upande wa pili, na sauti ya maji ubavuni imekuwa ya mfululizo, ndipo ninapomwamsha serahangi, msaidizi wangu.

Tukitaka kutengeneza chombo, kupwelewa tunakutafuta wenyewe. Tunasubiri bamvua, tunakisogeza juu ya fungu gumu la mchanga, maji yakishuka tunakitegemeza kwa magadi ya msinzi ili kisilale ubavu. Tuna saa nne au tano tu. Watu wanakwangua chaza na majani, wengine wanakalafati kwa pamba na mafuta penye nyufa, na mwisho chini yote inapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Harufu yake usiulize. Adui mkubwa wa chombo cha mbao ni yule mdudu anayetoboa ubao kwa ndani, nje usione kitu ila tundu kama la sindano. Mdudu huyo hawezi maji baridi. Wazee walijua: chombo kikikaa nangani mikono ya kaskazini wakati wa masika, mto ukiwa umejaa maji ya mvua, ubao hupumzika. Wako manahodha wanaoleta vyombo vyao Rufiji kwa sababu hiyo tu, na mzigo wakaufanya kisingizio.

Maji hayo hayo tunakunywa. Masika, maji yanapokaribia mwisho wa kupwa, mto unasukuma bahari nje na juu kunabaki maji baridi. Mpishi mwerevu huchota hapo, kwa ndoo ya juujuu bila kuizamisha, kwa sababu chumvi ni nzito na hukaa chini. Kiangazi hilo halisaidii. Tunapanda na mtumbwi hadi visimani vijijini na kurudi na madumu. Maji ya chomboni yana daraja zake. Dumu la kunywa halisogelewi na mtu aliyenawa samaki. Kuoga ni maji ya chumvi, kusuuza ni kata moja ya maji baridi, na mwenye kuchukua kata mbili husikia neno.

Chakula si shida kubwa kama watu wanavyodhani. Mchele unatoka Mbuchi na vijiji jirani, nazi zinatoka kila mahali, na kitoweo kiko chini yetu. Tunapika katika sanduku la mbao lililojazwa mchanga, mafiga matatu juu yake, na kuni za mkandaa zinazowaka hata zikiwa na unyevu. Mchana ubwabwa na hongwe wa chukuchuku, chumvi, ndimu na pilipili. Usiku ugali wa bada na kamba, kama wavuvi wa dago wamepita na nyavu zao na wanataka sukari au betri kwa kubadilishana. Kaa wa tope huliwa mara chache siku hizi. Yule mkubwa ana bei, huenda Kibiti na Dar es Salaam akiwa hai, amefungwa kwa ukindu, na huko anapandishwa ndege. Tunabaki na wadogo. Zamani tulikula wakubwa mpaka tukachoka, na hakuna aliyejua kwamba tunakula fedha.

Mbu ndio wakazi halisi. Magharibi ikiingia tu, upepo ukianguka, wanatoka mikokoni kwa pamoja. Tunachoma makumbi ya nazi kwenye karai, tunafunga vyandarua chini ya foromali, na tanga lililoshushwa linakuwa hema la wote. Homa inakuja hata hivyo, kwa hiyo kipimo na dawa mseto nimeviweka ndani ya sanduku langu pamoja na karatasi za chombo. Mamba na viboko wapo pia. Nimekataza kuogelea kwenda ufukoni hata kama mtumbwi umeazimwa, na asiyesikia atarudi kwao kwa miguu.

Hapo naingia kwenye jambo ambalo haliandikwi mahali popote, nalo ni adabu ya chombo kilichotulia. Chombo kikiwa safarini kila mtu ana kamba yake na hakuna nafasi ya ugomvi. Kikiwa nangani mikono haina kazi, na mikono isiyo na kazi hutafuta midomo. Kwa hiyo kazi hupangwa hata isipokuwepo: asubuhi kukumba maji ngamani, kuanua tanga na kulishona, kusokota kamba, kusugua sitaha. Anayelala mchana hachekwi kwa sababu huenda alikesha. Habari za mke wa mtu hazizungumzwi. Anayepokea simu ya nyumbani huachiwa tezi, nyuma ya chombo, peke yake.

Masika moja nilipata kijana kutoka Kibiti mjini, amemaliza kidato cha nne, mjomba wake alinisihi nimchukue. Siku ya tatu akaja huku mikono imefumbwa nyuma.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaondoka lini?"

Mabaharia wakanyamaza, maana swali hilo kwetu halina adabu sana. Ni kama kumharakisha Mungu. Nikamwambia, "Bamvua likituinua fungu hili, kibali kikiwa mkononi, na upepo ukitupa ruhusa."

"Bamvua ni siku gani?"

"Jana usiku mwezi uliuona?"

Hakuuona. Alikuwa ameinamia simu. Tangu usiku ule nilimpa kazi ya kuniambia kila jioni mwezi una siku ngapi na maji yatajaa saa ngapi, kisha tunaangalia pamoja kigingi tulichokichomeka kwenye tope. Mwanzo alikosea kwa saa nzima. Baadaye alikuwa ananisahihisha mimi, tena mbele ya watu, jambo ambalo nahodha wa zamani asingelivumilia.

Nasema wa zamani kwa sababu mikono hii ya mto imeona vyombo vikubwa kuliko vyetu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mkata boriti enzi za Mwingereza. Kila msimu majahazi makubwa ya Waarabu yalishuka na kaskazi kutoka Ghuba, yakauza tende na chumvi na papa wakavu njiani, kisha yakaingia Rufiji au Lamu kupakia boriti za kurudi nazo kusi lilipoanza. Nchi zao hazina miti. Nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zina vyumba vyembamba kwa sababu hizo hizo za Unguja Mji Mkongwe: upana wa chumba ni urefu wa boriti inayobeba dari, na boriti ya mkoko haiendi mbali sana. Mwaka 1939 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, aliingia delta hii akiwa abiria katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu safari hiyo. Hakupasifu hapa kwetu. Aliona joto, matope, mbu na watu wanaougua, na kwa kweli hakusingizia; ila yeye alikuwa mpita njia, na mpita njia nangani huhesabu mbu. Babu alikuwa akisimulia upande wa pili: kwamba wakati wa msimu mito ilijaa milingoti, usiku kukapigwa ngoma kutoka chombo hadi chombo, na mtu wa Salale aliweza kujua Kiarabu cha kuhesabu kabla hajajua kusoma.

Aliyekaa nangani muda mrefu kuliko wote alikuwa Mjerumani. Manowari Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilirudi kujificha katika mito hii mashine zake zikiwa mbovu. Vipande vya boila vilikokotwa na watu nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa vivyo hivyo. Waingereza wakaziba mlango. Mwezi baada ya mwezi ikasogezwa juu zaidi, imefunikwa matawi, mabaharia wake wakiugua, mpaka tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilipoipiga ikamalizwa. Mizinga yake 10 iliopolewa na kupelekwa kupigana bara. Kwa wanahistoria ni habari ya vita. Mimi nikiifikiria naona jambo moja tu: chombo kikubwa mno kwa mto, na nahodha aliyelazimika kungoja bamvua kama sisi.

Siku hizi wageni wa tanga hawaingii delta. Wanakaa Mafia, ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Ni Wazungu wenye yoti, mume na mke mara nyingi, pengine na watoto wanaosomea humo humo ndani, waliozunguka nusu ya dunia. Niliwahi kuwapelekea madafu na ndimu watu wa yoti moja, wakanikaribisha ndani. Wana sola, wana friji, wana mashine ya kugeuza maji ya bahari yakawa ya kunywa, wana skrini inayoonyesha upepo wa wiki nzima. Nilidhani tutakosa la kuongea. Yule bwana akaniuliza chini pale ni mchanga au mawe, na kamba yangu naipa urefu wa mara ngapi ya kina. Nikamwambia mara tano, zaidi upepo ukija. Akacheka, akasema na yeye vile vile. Mkewe akalalamika kwamba usiku mume haamini mashine inayolia nanga ikiburura. Anatoka mwenyewe kutazama taa za kijiji cha Utende kama zimesogea. Nikampenda bwana yule. Walikuwa na wiki tatu pale, wanangoja kusi lipungue.

Kibali nimekigusa, nacho kinastahili neno. Mikoko ni mali ya serikali tangu enzi za Mjerumani, na leo bila karatasi ya Wakala wa Huduma za Misitu huwezi kupakia hata korija moja. Vyombo vinavyopakia usiku bila karatasi vipo, na manahodha wake sitawatetea, ingawa pia naona mwenye shamba la mpunga akifyeka msitu mzima bila mtu kumuuliza idadi ya boriti. Karatasi ikipatikana, kazi huwa nzuri. Mitumbwi hutoka vichochoroni na maji ya kujaa, boriti na nguzo za mkoko na msinzi, fito na pau za mkandaa. Kila kitu kinahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila korija ikitimia fito moja huwekwa pembeni iwe shahidi. Nzito chini, nyepesi juu, zote zikielekea omo, mbele ya chombo, ili maji ngamani yapate njia.

Delta pia ni kimbilio. Aprili 2024 mafuriko yalipoifunika Rufiji na Kibiti, tulibeba watu na kuku na magodoro kuliko boriti. Hata hayajakauka, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga Hidaya. Kilifika Mafia tarehe 4 Mei. Tulikuwa tumeshaingia ndani kabisa ya mkono mwembamba, foromali imeshushwa, kamba nne zimefungwa kwenye mikoko kushoto na kulia, tumeacha nafasi ya maji kupanda. Upepo ulipita juu ya miti ukilia. Chini chombo kilitikisika kidogo tu, na mpishi akamaliza kupika. Msitu ule ungekuwa shamba, sijui ningefunga wapi.

Sasa juu ya mto kuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunautaka, hata Nyamisati wanautaka. Ila mto ukizuiwa, tope hubaki nyuma ya ukuta, na delta ni tope. Wamisri wameliona hilo kwa Nile baada ya bwawa la Aswan, bahari ikala kingo zao. Mafungu ya mchanga milangoni huwa yanahama kila baada ya masika. Nayapima kwa upondo kila ninapopita, na namba naziandika ukutani mwa sanduku langu, tarehe na pima.

Hesabu ya safari nayo hufanyika nangani, Kilindoni au popote tulipouza, kabla mtu hajashuka. Kwanza hutolewa posho: mchele, sukari, dawa, vibali. Kinachobaki nusu ni ya mwenye chombo. Nusu ya pili hukatwa mafungu. Nahodha mawili, serahangi moja na nusu, kila baharia moja, mpishi nusu. Fedha siku hizi zinakwenda kwa simu, lakini mimi bado naziweka juu ya mkeka ili kila jicho lizione, kisha ndipo atakaye amtumie mkewe. Yule kijana wa Kibiti, aliyeanza na nusu fungu, safari iliyopita alidai fungu zima. Mabaharia wakaniangalia. Nikamuuliza mwezi una siku ngapi. Akajibu kumi na mbili, maji yatajaa saa 8 na robo, na kama tunataka fungu la mchanga la Simba Uranga tuondoke keshokutwa. Nikampa.